Sauti Zilizo Chini ya Maji: Nyangumi wa Pwani na Dagaa wa Ziwa Tanganyika

(Maneno ya mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Sumbawanga)



Ufipa uko mbali na bahari. Mtu anayeondoka Sumbawanga, mji ulio kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hana budi kusafiri zaidi ya kilomita elfu moja kabla hajaonja maji ya chumvi. Kwa hiyo mwanachama atakayesikia kwamba mazungumzo haya yanaanza na nyangumi ana haki ya kuuliza mnyama huyo anahusiana nini na mahindi, maharage na alizeti. Lakini Ufipa si nyanda za juu peke yake. Chini ya miteremko ya magharibi kuna Kabwe, Kirando, Kipili na Kasanga, na huko watu hula na kusomesha watoto kwa samaki. Tarehe 15 Mei 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu, hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Mvuvi aliyekopa fedha ya nyavu na injini alijua kwamba mkopo wake haukufungwa pamoja na ziwa. Mtu wa namna hiyo anapouliza ni nani aliyewahesabu samaki, naye aliwaonaje gizani chini ya maji, swali lake lastahili jibu kamili. Jibu lenyewe limo katika elimu ya sauti, na elimu hiyo imejifunza mengi kwa nyangumi.

Yafaa kuanzia nyumbani. Kiboko wa Ziwa Rukwa, akiwa ameacha pua na macho juu ya maji na taya lake chini, hutoa mlio mmoja unaosafiri njia mbili kwa pamoja, hewani na majini, na viboko waliozama huusikia na kuujibu. Wataalamu wa viumbe wamethibitisha pia kwamba, miongoni mwa wanyama wote walio hai, aliye jamaa wa karibu zaidi wa nyangumi ni huyo kiboko. Basi mtu wa bonde la Rukwa si mgeni sana wa habari hizi kama anavyodhani.

Hewani sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Majini husafiri kiasi cha mita 1,500, yaani zaidi ya mara nne ya mwendo huo. Mwanga, kwa upande wake, hufifia upesi majini. Baada ya makumi kadhaa ya mita jicho halina kazi kubwa. Ndiyo sababu viumbe wa bahari kuu hutegemea masikio kuliko macho, na ndiyo sababu binadamu anayetaka kuwafahamu hulazimika kufanya vivyo hivyo. Chombo chake huitwa haidrofoni. Ndani yake mna kipande cha udongo maalumu uliochomwa ambacho, kikibanwa na wimbi la sauti, hutoa umeme kidogo sana; umeme huo hukuzwa, huhifadhiwa, na baadaye huchorwa kama picha, muda ukienda upande na ukali wa sauti ukienda juu. Hapana uchawi hapo, na wenyeji wa mji ambao jina lake linamtaka mtu autupe uchawi wake wanaweza kulipokea jambo hili bila wasiwasi.

Nyangumi mwenye nundu hula katika bahari baridi za kusini ya dunia, kisha kila mwaka hupanda kaskazini kuzaa katika maji ya joto. Huonekana katika maji ya Msumbiji, Madagaska, Tanzania na Kenya, na hapa kwetu hasa kuanzia Julai hadi Oktoba. Madume yake huimba. Neno hilo si la kupamba: mwaka 1971 Roger Payne na Scott McVay waliandika jinsi milio hiyo ilivyo na mafungu yanayorudiwa kwa utaratibu uleule, wimbo mmoja ukichukua dakika kadhaa hata nusu saa, na mwimbaji akiurudia kwa saa nyingi. Madume ya eneo moja huimba wimbo mmoja, nao hubadilika kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Sahani ya santuri yenye nyimbo hizo iliyotolewa mwaka 1970 iliwafanya watu wengi ambao hawajawahi kumwona nyangumi kudai asiuawe tena.

Mwaka 1979, kwa pendekezo la Visiwa vya Shelisheli, Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliitangaza Bahari ya Hindi, hadi digrii 55 kusini, kuwa hifadhi ambamo nyangumi hawavuliwi kwa biashara. Tangazo lilikuwa jema, lakini hifadhi ya ukubwa huo haina uzio wala mlinzi getini. Nani yumo ndani? Yuko wapi, na mwezi gani? Maswali hayo yalibaki wazi kwa miaka mingi, na baadhi yake yanajibiwa sasa kwa vinasa sauti vinavyolazwa chini ya bahari miezi mfululizo. Pwani ya Omani, nchi ambayo wengi wa Zanzibar na Tanganyika wana ndugu zao, lipo kundi la nyangumi wenye nundu ambalo halisafiri kwenda kusini kama wengine. Hukaa Bahari ya Uarabuni mwaka mzima, na makadirio ni kwamba halifiki nyangumi 100. Vinasa sauti viliwekwa huko ili kulifahamu kundi hilo. Katika kazi hiyo kikasikika kitu kingine: wimbo wa nyangumi bluu usiofanana na wowote uliokuwa umeandikwa. Wimbo huohuo ulikuwa umenaswa karibu na Madagaska, na ukatambuliwa pia katika sauti zilizonaswa visiwa vya Chagos. Habari ilitangazwa mwaka 2020. Kundi la wanyama wakubwa kuliko wote duniani lilikuwa likipiga kelele siku zote, wala halikuwamo katika daftari la mtu yeyote.

Sasa habari ya Tanzania yenyewe, ambayo ndiyo hasa mkaguzi yeyote angependa makatibu waisikie. Mwezi wa Machi na Aprili 2015 watafiti, miongoni mwao Gill Braulik, walipita pwani yote ya nchi kwa mashua wakitafuta nyangumi na pomboo kwa macho na kwa haidrofoni zilizokokotwa nyuma. Miezi hiyo si msimu wa nyangumi mwenye nundu, lakini masikio yaliyokuwa majini hayakukosa kazi. Katika saa 231 za sauti, zilizonaswa katika mwendo wa kilomita 2,692, ilisikika milipuko 318 iliyothibitishwa. Ilikuwa ni baruti ya wavuvi haramu. Ilisikika kila upande wa pwani, lakini karibu asilimia 62 ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam, na huko ilifikia karibu milipuko 10 kwa saa.

Uvuvi wa baruti ulikuwa umepigwa marufuku kwa sheria kwa miaka mingi kabla ya hapo. Kila mtu wa pwani alijua kwamba upo. Aliyejua, aghalabu, aliogopa kusema, kwa kuwa mwenye baruti ni jirani yake; na askari walipofika mahali palipolipuliwa walikuta maji matulivu na mashua imekwisha ondoka. Matumbawe yaliyovunjika hayasemi yalivunjwa siku gani wala saa ngapi. Sauti ndiyo iliyobaki na saa yake na mahali pake, na hapakuwa na jirani wa kulaumiwa kwa kuisema. Katika miaka iliyofuata serikali iliunganisha vyombo vyake mbalimbali katika doria na upelelezi, na milipuko ikapungua sana.

Lipo jambo moja katika kazi ile ambalo huenda likapita bila kuangaliwa. Mashine ilisaidia kutafuta vilivyofanana na mlipuko. Lakini majini mna vishindo vingi: injini, nanga, mawimbi yanayogonga mashua, hata kamba wadogo wanaoalisha makucha yao. Kwa hiyo watu walikaa, wakasikiliza, wakatazama picha za sauti, na kilichokosa ushahidi kikaondolewa. Ile 318 ni hesabu iliyokaguliwa. Katibu anayepokea karatasi kutoka kwenye kompyuta na kuisoma mkutanoni bila kuilinganisha na stakabadhi angefaidika kutafakari jambo hilo.

Tushuke ziwani. Ziwa Tanganyika halina nyangumi, na dagaa haimbi. Hapa njia ni nyingine: chombo hakingoji sauti bali huipiga chenyewe kuelekea chini, kisha husubiri mwangwi. Samaki wengi wana kibofu cha hewa tumboni, na hewa iliyo ndani ya maji huirudisha sauti kwa nguvu. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, sauti imekwenda na kurudi mita 150, basi samaki yuko mita 75 chini. Kwa kupima nguvu ya mwangwi, mtaalamu hukadiria wingi wa samaki waliopitwa.

Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 mahali penye kina kuliko pote, lakini hewa ya kuvuta samaki imo katika tabaka la juu tu, kiasi cha mita 100 hadi 200. Chini ya hapo samaki hawaishi. Maana yake ni kwamba utajiri wote wa dagaa na migebuka umo katika ngozi nyembamba ya juu, na kipimo cha sauti huweza kuifikia yote. Mchana dagaa hukusanyika mafungu na kushuka. Usiku hupanda na kutawanyika, jambo ambalo wavuvi wa karabai wanalijua tangu kwa babu zao. Mradi wa utafiti wa ziwa uliosimamiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kwa fedha za Ufini, ulioanza mwaka 1992, ulitumia meli iitwayo Tanganyika Explorer kupima ziwa zima kwa njia hii katikati ya miaka ya 1990, pamoja na watafiti wa nchi nne zinazolizunguka.

Upimaji huo hauondoi ubishi wote. Utafiti uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kuongezeka kwa joto kumelifanya ziwa lisichanganyike vizuri, na chakula cha samaki kikapungua. Mvuvi akisema joto ndilo lililopunguza samaki, na afisa akisema ni nyavu zilizozidi, kila mmoja anashika sehemu ya kweli. Ni vigumu kuwaamua kwa sauti peke yake, kwa sababu mwangwi una udhaifu wake. Hauwaoni vizuri samaki walio juu kabisa, karibu na chombo chenyewe, wala walio ufukweni ambako meli haifiki. Zaidi ya hayo hausemi wazi kwamba huyu ni dagaa na yule ni mgebuka mchanga. Ndiyo sababu meli ya utafiti huvuta wavu pia ili kuwatazama kwa macho.

Hapo ndipo daftari la mwaloni linapoingia. Kinachopokelewa kila asubuhi, kikiandikwa kwa aina, uzito, idadi ya mitumbwi iliyotoka na usiku waliofanya kazi, ni nusu ya pili ya hesabu ambayo meli haiwezi kuileta. Lakini madaftari mengi ya mialoni hayasomeki pamoja. Mmoja huandika ndoo, mwingine beseni, mwingine sado. Mmoja hupima dagaa wabichi na mwingine waliokauka, na tofauti ya uzito kati ya hao ni kubwa mno. Wengine huandika samaki waliouzwa tu, na siku ambayo mitumbwi ilirudi mitupu haimo kabisa. Siku tupu ni habari kubwa kuliko siku ya neema, kwa kuwa bila hiyo wastani wote huonekana mzuri kuliko ulivyo, na anayesoma kutoka Dodoma ataamini kwamba Kirando hakuna shida.

Chama kilichokuwa kikiandika kwa kilo kabla ya Mei 2024 kinaweza leo kuweka mezani miezi ya kabla na ya baada ya kufungwa kwa ziwa, na kuzungumza na afisa uvuvi juu ya kama kufungwa kumeleta faida na kwa samaki wa aina gani. Chama kilichoandika kwa beseni kitapaswa kwanza kupima beseni lake, likiwa limejaa dagaa wabichi na likiwa limejaa waliokauka, na kuandika uzito huo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Kazi hiyo yahitaji mizani, na mizani ya stoo ya mahindi inatosha.