Nauli Ikipanda, Umuulize Nani?

Msikilizaji wa Newala, umeketi kwenye Noah ya kwenda Masasi, wanne kwenye kiti cha watatu, kuku miguuni. Kondakta anataka nauli zaidi ya ile ya wiki jana. Ukihoji, jibu liko tayari: "Msimu wa korosho huu, mama."

Korosho haipangi nauli. Anayepanga kikomo cha nauli za mabasi ni LATRA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua kazi ya SUMATRA. Dai tiketi yenye namba ya gari, tarehe na kiasi ulicholipa. Bila hiyo, malalamiko yako kwa LATRA yanabaki maneno matupu.

Barabara ina mwenyewe mwingine. Ile kuu ya Mtwara, Newala hadi Masasi, kilomita 210, iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, na mbunge ndiye wa kumbana waziri bungeni kuhusu lami. Za mitaani ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Stendi je? Hiyo ni ya halmashauri, inayokusanya ushuru pale. Kwa hiyo kuhusu choo kibovu na kukosa kivuli, muulize diwani wako. Wala asiutupe mpira Dodoma.

Baraza la Madiwani hukutana kila robo mwaka, na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Wengi wetu hatuendi, halafu tunalalamika tukiwa kwenye bodaboda. Ulizia tarehe ya kikao kwa mtendaji wako wa kata.