Ramani Kwanza, Skrini Baadaye

Msikilizaji wa Mbeya na Iringa, ukitaka kufunga mfumo mpya kwenye dashibodi ya gari lako la porini, uliza kwanza ramani zake zimehifadhiwa wapi, ndipo uulize ukubwa wa skrini. GPS hupokea mawimbi ya setilaiti zilizo kama kilomita 20,000 juu yetu. Haihitaji laini wala bando. Kinachohitaji mtandao ni picha ya ramani, ikiwa haikupakuliwa mapema. Ukielekea Hifadhi ya Ruaha au Kitulo, mtandao unapokatika, mfumo unaotegemea intaneti hubaki na nukta inayoelea juu ya skrini tupu.

Magari yetu mengi yametumika Japani, na mifumo yake ya asili ina kasoro mbili zinazotuumiza: ramani ni za Japani, na redio ya FM huishia megahezi 90, au 95 kwa mpya zaidi, ilhali hapa stesheni hufika hadi 108. Kifaa cha kubadili masafa husaidia, ila kwa kawaida hakifungui masafa yote. Wapo wanaosema simu inatosha. Kwa barabara kuu ya TANZAM nakubali kabisa. Lakini simu iliyobanwa kwenye kioo juani hupata joto hata ikajizima, na kwenye rafu rodi kishikio hulegea. Hata hivyo, ramani yoyote yaweza kuonyesha njia iliyokatwa na mvua, kwa hiyo muulize mwenyeji kabla ya kuvuka mto. Na fundi akuwashie mfumo mpya bila intaneti, kabla hujamlipa.