Sauti Haiulizwi Nasaba

Wasikilizaji wetu wa Kilosa na Mikumi, leo twapenda kuwasimulieni habari za mwanamke aliyedharauliwa kwa asili yake, kisha sauti yake ikapendwa katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki.

Zamani njia ya misafara ya kwenda Bagamoyo ilipita katika nchi yenu ya Usagara. Watu wengi waliotekwa bara walipitishwa humo, wakavushwa Unguja kuuzwa. Huko Unguja, katika kijiji cha Fumba, mwaka 1880 alizaliwa mtoto wa kike. Asili ya baba yake ilikuwa Unyamwezi, na ya mama yake Uzigua. Akaitwa Mtumwa. Mwaka 1897 sheria iliondoa utumwa Unguja, lakini dharau haikuondoka kwa sheria.

Mtumwa hakupata elimu ya shule. Alibeba vyungu kichwani akivinadi mjini, na sauti yake ilisikika mbali. Alipohamia mjini, mwaka 1911, wapigaji wa ala wakamfunza uimbaji. Taarabu ya jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Yeye akaiimba kwa Kiswahili, na watu wa kawaida wakaifahamu. Ndipo akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima: Siti binti Saad.

Wako waliomtungia nyimbo za kumcheka. Yeye hakuacha kuimba. Katika wimbo wa Kijiti alisimulia habari za mwuaji aliyetoroka, na wanawake waliotoa ushahidi wakafungwa wao. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, akatiwa sauti katika santuri. Alifariki mwaka 1950.

Hata Marekani mambo yalikuwa hayo. Mwaka 1939 mwimbaji Marian Anderson alinyimwa ukumbi mjini Washington kwa kuwa ni Mweusi. Akaimba uwanjani, mbele ya watu wapatao 75,000. Mwaka 1955 akawa Mweusi wa kwanza kupewa nafasi ya mwimbaji mkuu katika jumba la Metropolitan Opera, New York.

Wasikilizaji, mnunuzi wa chungu sokoni hukigonga kwa kidole asikilize mlio wake. Haulizi udongo ulichimbwa shamba la nani. Basi na tuwapime wenzetu hivyo hivyo, hasa watoto wetu shuleni, ambao wangali wakitaniwa kwa ukoo wasiouchagua.