Haki katika Mafao ya Uzeeni



Mwaka 2018, Tanzania ilipounganisha mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma, malipo ya mkupuo yalishushwa hata asilimia 25, hali watumishi wengi wa Serikali walizoea 50. Manung'uniko yakaenea, na mwezi wa Desemba Rais Magufuli akaisimamisha kanuni ile. Mwaka 2022 ikawekwa 33. Mwaka 2024 watumishi hao wakatangaziwa 40.

Twajua kwamba kipunguzwacho katika mkupuo huongezwa katika pensheni ya kila mwezi. Lakini mtu aliyekwisha kuhesabu bati na saruji kwa ahadi ya nusu, akabadilishiwa hesabu mlangoni, huona amedhulumiwa. Ahadi ni deni. Basi twasihi: kanuni mpya na ianze kwa waingiao kazini, si kwa watokao.