Amana ya Njia: Mfuniko wa Shimo na Mzigo Wake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na ahali zake, na masahaba zake.

Ama baadu. Ndugu Waislamu, nakuusieni, nami najiusia nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu katika mambo makubwa na katika yale tunayoyadharau.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba imani ina matawi mengi, na la chini kabisa ni kuondoa njiani chenye kuudhi. Basi ikiwa kuondoa mwiba ni imani, kuacha shimo lenye mfuniko dhaifu ni nini? Shimo lililo wazi huonekana, likaepukwa. Mfuniko humwambia mpitaji: kanyaga, hapa pana salama. Ukiwa dhaifu, umemdanganya.

Kwa hiyo mwenye kujenga nyumba, msikiti au madrasa asichague mfuniko wa chemba kwa bei na upana peke yake. Aulize: utabeba nini? Katika kanuni ya Ulaya iitwayo EN 124, daraja ya mfuniko huandikwa juu yake wenyewe, na tarakimu zake ni nguvu ya majaribio kwa kilonyutoni. Kila kilonyutoni 10 ni karibu na uzito wa tani moja. A15 ni ya mahali pa waendao kwa miguu na wapanda baiskeli tu. B125 ni ya njia za miguu na maegesho ya magari madogo. C250 ni ya ukingoni mwa barabara. D400, iliyojaribiwa kwa takriban tani 40, ndiyo ya barabara zipitazo malori. E600 na F900 ni za bandarini na viwanja vya ndege.

Mtu husema: uani kwangu hupita watoto tu, A15 yatosha. Kisha siku moja huingia lori la mchanga, au gari la kunyonya maji taka. Basi pimeni kwa mzigo mzito kabisa uwezao kufika pale, wala si kwa ule wa kila siku. Na fremu iwe ya daraja ile ile, ikae imara; mfuniko madhubuti juu ya fremu mbovu haufai kitu.

Mafakihi wamesema kwamba mwenye kuchimba kisima katika njia ya watu bila ya idhini hudhamini madhara ya atakayetumbukia. Na Sura ya Al-Mutaffifin imewaonya vikali wapunjao vipimo. Basi muuzaji afichaye daraja, na fundi alipwaye kwa D400 akaweka B125, wajue kuwa wamepunja roho za watu. Na anunuaye mfuniko wa wizi kwa jina la vyuma chakavu ni mshirika wa mwizi.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe watu wa amana, na uzifanye njia zetu kuwa njia za salama. Amin.