Mshipa, Chembe cha Moyo na Degedege: Mipaka ya Maneno ya Tiba katika Kiswahili



Mgonjwa anapoingia katika chumba cha daktari nchini Tanzania, lugha mbili hukutana kabla ya kipimo chochote kufanyika. Daktari amesomea mwili kwa Kiingereza, kwa kuwa udaktari hufundishwa kwa lugha hiyo. Mgonjwa huueleza mwili wake kwa Kiswahili cha nyumbani. Husemwa mara kwa mara kwamba tatizo ni uhaba wa istilahi. Dai hilo lina ukweli kidogo tu. Majina ya viungo yapo, na mengi yana asili ya Kibantu na umri mkubwa kuliko hospitali yoyote: moyo, ini, figo, pafu, mfupa. Hata viungo ambavyo mtu wa kawaida havioni ila machinjioni vina majina yake: wengu, ambalo wengine huliita bandama, nyongo na kongosho. Ugumu uko kwingine. Mipaka ya maneno haya hailingani na mipaka iliyochorwa na taaluma ya tiba.

Neno mshipa latosha kuwa ushahidi. Anayelalamika kwamba mshipa wa kisigino umekaza huzungumzia kano, yaani ukanda mgumu unaounganisha msuli na mfupa. Anayesema mshipa unapiga hugusa ateri, ambayo hutoa damu moyoni. Anayechomwa sindano ya mshipa hutiwa dawa katika vena, ambayo huirudisha damu moyoni. Mshipa wa fahamu, au neva, haupitishi damu hata tone. Kazi yake ni kupeleka taarifa baina ya ubongo na sehemu nyingine za mwili. Kisha yupo mwanamume anayenong'onezwa kuwa "ana mshipa". Huyo huenda ana ngiri, ambapo kipande cha utumbo huchomoza kupitia upenyo katika ukuta wa tumbo, au ana busha, ambapo maji hujaa katika mfuko unaozunguka korodani. Busha laweza kusubiri siku ya upasuaji iliyopangwa. Ngiri iliyobanwa ikakosa damu haingoji; huweza kumuua mtu kwa muda mfupi. Neno moja, kwa hiyo, limefunika dharura na isiyo dharura, na haya ya mgonjwa huongeza giza, kwa sababu mshipa ni tafsida pia.

Msemaji hapa hajakosea. Lugha ya kila siku imeita kwa jina moja vitu vinavyofanana kwa umbo, virefu, vyembamba, vinavyopapasika chini ya ngozi. Tiba hugawa kwa kazi. Ndiyo maana wanaolaumu vitabu vya shule kwa kukopa ateri, vena na neva wanastahili kujibiwa kwamba mkopo huu una faida: mshipa umebaki kuwa neno la jumla, nayo maneno mageni yamepewa kazi finyu ambayo mshipa haukuwahi kuifanya. Si kila mkopo una utetezi wa namna hiyo.

Mfano wa pili hauhitaji mkopo wowote, wahitaji usikivu. Chembe cha moyo ni pale katikati, chini kidogo ya panapoishia mfupa wa kidari. Moyo haupo hapo. Upo juu zaidi, ndani ya kifua, umeelemea kushoto, na umetengwa na tumbo kwa msuli mpana wa kupumulia. Nyuma ya chembe cha moyo kuna sehemu ya ini na mfuko wa chakula, na mwenye vidonda vya tumbo mara nyingi hushika hapo hapo. Daktari kijana asiyeujua msemo huu aweza kusikia "moyo" na kuanza kuutafuta ugonjwa wa moyo. Lakini kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Mshtuko wa moyo, ambao hutokea ateri inayoulisha msuli wa moyo inapoziba, wakati mwingine huleta maumivu katika chembe cha moyo, na mgonjwa akarudishwa nyumbani na dawa ya kiungulia.

Yapo maneno yanayopotosha kwa kukosa nusu yake. Watu husema mtoto "ana uti wa mgongo", kana kwamba wengine hawana. Kinachokusudiwa ni homa ya uti wa mgongo, ambayo ni uvimbe wa utando unaofunika ubongo na uti huo. Kwa kuwa jina limeutaja mgongo peke yake, ubongo husahaulika.

Hadi hapa lugha imeunganisha kile ambacho tiba imekitenga. Hali ya kinyume ndiyo iliyogharimu maisha zaidi. Degedege ni jina la kale la mtukutiko wa mtoto: macho hugeuka, mwili hukakamaa, viungo hurukaruka. Jina hili limehusishwa na dege, ndege mkubwa aliyeaminiwa kumpitia mtoto. Homa ilikuwa na jina lake, na degedege lake. Majina mawili, maradhi mawili, waganga wawili. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 kuhusu Wilaya ya Bagamoyo ulichunguza jinsi familia zilivyoitibu hali hiyo, kwa kuwa mtukutiko ni miongoni mwa dalili za malaria kali. Imeandikwa pia kwamba wapo walioamini kuwa sindano humuua mtoto mwenye degedege, hivyo hospitali ikawa kituo cha mwisho, saa zikiwa zimekwisha.

Waelimishaji wa afya wangeweza kulifuta neno na kuleta istilahi ndefu. Njia yenye busara ni kulihifadhi na kulifungamanisha upya: degedege ni dalili, na chanzo chake chaweza kuwa malaria, homa ya uti wa mgongo au joto kali la maradhi mengine. Mama anayesema "degedege" amekwisha kutoa taarifa sahihi na ya haraka. Muuguzi aliyelielewa neno hilo hamsahihishi; humuuliza joto lilianza lini, mtukutiko umechukua muda gani, na kama mtoto amezinduka baada yake.