Kholoud al-Faqih: Kadhi Aliyeingia na Hoja za Fiqhi



Tukitaja mahakama ya kadhi, wengi wenu picha inayowajia ni mzee wa kilemba na mwanamke analia mbele yake. Sasa hebu fikiria huyo ni dada yako. Anatakiwa aeleze mbele ya wanaume watupu kwa nini hawezi kurudi kwa mumewe. Mangapi atayameza?

Kholoud al-Faqih, Mpalestina, alikuwa wakili akiwatetea wanawake wanaopigwa majumbani, kwa hivyo haya hakuhadithiwa. Akamwendea Kadhi Mkuu wa wakati ule, Sheikh Taysir al-Tamimi, akamwambia anataka kuwa kadhi. Sheikh akacheka.

Kholoud hakwenda kupiga kelele. (Mimi maandamano nayapenda, mwanijua, lakini kila jambo na mlango wake.) Alirudi kwenye vitabu vya fiqhi, akaja na hoja za madhehebu ya Hanafi: mwanamke anaweza kuhukumu, isipokuwa kesi za hududi na kisasi, yaani zile jinai kubwa. Ndoa, talaka, ulezi wa watoto na mirathi hazimo humo, na hizo ndizo kesi za mahakama zile. Sheikh akakubali. Kholoud akafanya mtihani pamoja na wanaume, akapita, na Februari 2009 akateuliwa, yeye na mwenzake Asmahan al-Wuhaidi. Walipofungua njia, wengine wakafuata. Mwaka 2015 Tahrir Hammad akawa mwanamke wa kwanza huko kufungisha ndoa.

Mtaniambia, ah, hayo ni ya Wapalestina. Kweli, huku pwani wengi wetu ni Mashafii, na kauli mashuhuri ya madhehebu yetu inakataa mwanamke kuwa kadhi. Siwafichi. Hilo ni la maulamaa kulijadili.

Lakini isomeni Katiba ya 2010, kifungu cha 170. Kadhi awe Muislamu, na awe na elimu ya sharia ya Kiislamu inayoiridhisha Tume ya Huduma za Mahakama. Basi. Neno mwanamume halimo. Na mjadala wa fiqhi hauingiliwi kwa hasira wala kwa hashtegi, unaingiliwa na kitabu mkononi.

Dada uliyemaliza sharia chuoni na cheti kimelala kabatini, wewe wangoja nani akuite?

Karibuni kwa maswali.